Ikama haikuuhesabu mto

Kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa kutoboa karatasi. Mwaka 1999, nikiwa na cheti cha kidato cha sita na suruali moja ya kitambaa, niliajiriwa kuwa karani wa masjala katika halmashauri moja ya wilaya. Mzee aliyekuwa mkuu wa masjala alinikabidhi kitoboleo, fungu la kamba za faili na amri moja: barua ikiingia, ipigwe muhuri, ipewe namba ya folio, yaani namba yake ndani ya faili, ndipo ipande kwa wakubwa. "Mkubwa akiipata haina namba," aliniambia, "ataitia kwenye droo, na kesho ataapa haikufika." Kwake yeye dunia ilikuwa na mambo ya aina mbili tu, yaliyomo kwenye faili na ambayo hayajatokea. Mali bila daftari hupotea bila habari, alikuwa akisema, kisha anachovya kidole kwenye sifongo na kuendelea kuhesabu kurasa.

Nilikaa chini ya mzee yule miaka sita, na nilimdharau kidogo, kama kijana anavyomdharau mtu asiyetaka kwenda kokote. Mimi nilitaka kuwa afisa. Kwa hiyo mwaka 2005, ruhusa ya masomo ilipotoka, nilipanda basi la Iringa, nikashuka Sangasanga na begi langu, nikaenda kuripoti Mzumbe kusomea shahada ya utawala wa umma.

Tulianza na historia ya taaluma yenyewe. Tuliandika vipindi vitano, kila kimoja na miaka yake na majina ya wasomi wake. Ukifungua daftari zetu ungedhani ni nasaba ya wafalme: Wilson akatawala, akaja Gulick akarithi, Simon akampindua Gulick, Waldo akamsuta Simon, na kadhalika hadi kengele ya chakula cha mchana. Kwenye mtihani unamzika mmoja, unamtawaza mwingine, unapata B yako. Nilipokuja kukaa kwenye kiti cha afisa utumishi ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyezikwa. Wote bado wameajiriwa, wote wanapokea mshahara, na siku nyingine wote wanaingia ofisini kwangu kabla ya saa nne.

Wa kwanza kunishtua alikuwa Max Weber. Mtaani kwetu urasimu ni tusi. Ni njoo kesho, ni mhusika hayupo, ni leta nakala tatu. Mwalimu aliposema kuna Mjerumani aliyeuchambua urasimu kama aina ya mamlaka iliyo bora kwa usahihi na kwa kutabirika, darasa lilicheka. Mimi nilinyamaza, maana sifa alizozitaja nilikuwa nazifahamu kwa sura: mtu anaajiriwa kwa sifa zake, ana mipaka ya kazi yake, ana mkubwa juu yake, anafuata kanuni zilizoandikwa, na kila kitu kiko kwenye faili. Alikuwa anamwelezea mzee wangu wa masjala. Weber alifariki mwaka 1920, na Waamerika wengi walioijenga taaluma hii hawakumsoma ipasavyo hadi maandishi yake yalipotafsiriwa kwa Kiingereza miaka ya 1940. Ndiyo maana huwa natabasamu nikiona orodha zinazompanga mwanzoni kabisa, kana kwamba wenzake walikuwa wakimsubiri amalize kusema.

Woodrow Wilson nilimpenda, kisha nikakosana naye. Ili umwelewe lazima uanze na risasi. Tarehe 2 Julai 1881, katika stesheni ya reli mjini Washington, Charles Guiteau alimpiga risasi Rais James Garfield. Guiteau alikuwa amezunguka ofisi za serikali kwa miezi akidai apewe ubalozi mdogo wa Paris, kwa kuwa alijiona amekipigania chama. Ilikuwa ndiyo desturi: chama kikishinda, kazi za serikali zinagawiwa kama nyama ya shughuli. Garfield alifariki Septemba, na mwaka 1883 Marekani ikapitisha Sheria ya Pendleton, iliyoanza kuingiza watu kazini kwa mitihani. Miaka minne baadaye, mwaka 1887, Wilson, wakati huo mwalimu kijana katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, akachapisha makala akisema utawala ni elimu inayostahili kusomwa yenyewe, na kwamba mahali pake ni nje ya ugomvi wa siasa. Frank Goodnow akalikuza wazo hilo kwenye kitabu cha mwaka 1900, na Leonard White akatoa kitabu cha kwanza cha kufundishia mwaka 1926.

Hapo nilikuwa naye bega kwa bega. Nani aliyekaa kwenye korido ya halmashauri akaona bahasha za kaki, kila moja na kadi ndogo ya "huyu ni kijana wetu" ndani yake, asingemkubali Wilson? Halafu nikasoma alichokifanya alipokuwa rais wa Marekani. Chini ya serikali yake, kuanzia mwaka 1913, wafanyakazi weusi katika ofisi za serikali kuu walitengwa na wenzao weupe, na mwaka 1914 ikaamriwa kila mwombaji wa kazi aambatishe picha yake. Picha! Miaka yangu yote ya masjala nilikuwa nikibana picha za pasipoti kwenye maombi ya kazi, mbili mbili, bila kujiuliza picha inamwambia nini mwajiri ambacho cheti hakimwambii. Kwetu haikuwa na maana ile, najua. Lakini tangu siku hiyo kila nikishika stepla mkono unasita kidogo.

Nilichokifurahia kuliko vyote darasani kilikuwa kipindi kimoja cha mchana, joto kali, nusu ya wanafunzi wakisinzia. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumekariri POSDCORB ya Luther Gulick, ya mwaka 1937: kupanga, kuunda, kuajiri, kuelekeza, kuratibu, kutoa taarifa, kuandaa bajeti. Tulikariri pia kanuni za utawala: mtumishi awe na mkuu mmoja, mkuu asiwe na watu wengi mno chini yake, kazi igawanywe kwa utaalamu. Mwalimu akaingia, hakusalimia.

"Nipeni methali inayosema usikimbilie jambo."

"Haraka haraka haina baraka!"

"Inayosema usichelewe?"

"Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Inayosema tufanye wengi?"

"Kidole kimoja hakivunji chawa!"

"Inayosema wengi wanaharibu?"

Binti mmoja wa Tanga, aliyekuwa amelala kabisa, akainua kichwa: "Manahodha wengi chombo huenda mrama." Darasa likaamka lote.

Mwalimu akageuka akaandika ubaoni: Herbert Simon, 1946, methali za utawala. Hoja ya Simon ilikuwa hiyohiyo. Zile kanuni tulizozikariri ni methali. Kila moja ina mwenzake anayeipinga, na wote wawili wanasikika kweli. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sawa, mtumishi awe na mkuu mmoja. Lakini ukigawa kazi kwa utaalamu, lazima kila mtaalamu aamuru katika utaalamu wake, na hapo wakuu wanakuwa wengi. Mwalimu wa shule ya msingi ninayemhudumia leo anaujua mkorogo huo: anafanya kazi chini ya halmashauri, mtaala unatoka Wizara ya Elimu, na masuala ya nidhamu yake yanakwenda Tume ya Utumishi wa Walimu. Akija kuniuliza "bosi wangu ni nani?" simjibu kwa kanuni ya mwaka 1937.

Simon hakuishia kubomoa. Katika miaka ya 1930, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikwenda kuchunguza viwanja vya michezo vya mji wa Milwaukee, vilivyosimamiwa kwa ubia kati ya upande wa shule na upande wa ujenzi wa mji. Pande hizo zilikuwa zinavutana juu ya bajeti, na yeye akataka kujua watu wenye akili timamu wanaamuaje fedha iende wapi. Akaona kila upande ulikuwa unaamua kwa kile unachokiona kutoka mahali ulipokaa. Hakuna anayeona yote. Mtu anatafuta jibu linalotosha, siyo jibu bora kuliko yote. Kitabu chake cha 1947 kilitoka humo, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Nililiandika hilo la "mahali ulipokaa" kwenye daftari na kulipigia mstari mwekundu. Halikunisaidia kitu, kama mtakavyoona.

Nisikipite chuo chenyewe bila neno, kwa sababu historia ya taaluma hii imepita palepale langoni. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa ya wakoloni, kuwafunza machifu na watumishi wao. Muongo mmoja baadaye uchifu ukafutwa. Mwaka 1972 shule ikaunganishwa na taasisi ya utawala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikawa IDM, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Angalieni jina. Utawala umeondoka, maendeleo yameingia. Ndicho kilichokuwa kikisemwa na wasomi wa utawala dunia nzima katika miaka ile, kwamba nchi changa hazihitaji watunza amani na wakusanya kodi, zinahitaji wasukuma maendeleo. Na mwaka uleule wa 1972 serikali ikazifuta halmashauri za wilaya kwa mpango wa madaraka mikoani, mpango ambao katika kuuandaa nchi ya Ujamaa ilishauriwa na McKinsey, kampuni ya Kimarekani. Halmashauri zilirudi kazini mwaka 1984. Chuo kikawa chuo kikuu mwaka 2001. Wazee wa pale bado wanasema IDM, na mimi siwasahihishi.

Nilirudi wilayani mwaka 2008, cheo kimebadilika, kiti kina magurudumu. Mwaka uliofuata nikapewa kazi ya kusawazisha watumishi wa zahanati. Nikatoa ikama, ile orodha ya idadi ya watumishi wanaotakiwa kila kituo, nikachora jedwali. Zahanati moja ya ng'ambo ya mto ilikuwa na wauguzi wawili kwa watu wachache. Nyingine, kando ya barabara ya lami, ilikuwa na muuguzi mmoja kwa watu mara mbili ya wale. Mtoto wa darasa la nne angeona kosa. Nikaandika dokezo sabili zuri, ule ujumbe wa ndani ya ofisi, lenye aya zilizopewa namba, Mkurugenzi akasaini, muuguzi mmoja akavushwa. Nilijisikia kama Gulick mwenyewe.

Aprili, masika yamechanganya, diwani wa kata ile akaingia ofisini kwangu na mabuti yenye tope hadi magotini. Neno diwani lina mzaha wake: kwa Waarabu wa zama za Khalifa Umar lilikuwa daftari la askari na malipo yao, likawa jina la ofisi, pwani ya Mrima likawa cheo cha watawala wa miji, leo ni mtu anayekuja kumsumbua mshika daftari. Hivyo ndivyo nilivyomtazama. Mwanasiasa huyo, nikasema moyoni, amekuja kumtetea ndugu yake.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kijana, ile ikama yako imeuhesabu mto?"

Akanieleza, amesimama, hakutaka kiti. Wauguzi wale wawili walikuwa na utaratibu wao. Mvua zikikaribia mmoja anavuka kwenda kuchukua dawa mjini, mwenzake anabaki. Mto ukijaa, unajaa wiki nzima au zaidi. Safari hii yule aliyebaki peke yake alivuka kufuata dawa, mto ukajaa nyuma yake, na zahanati ikakaa na kufuli siku tisa. Mama mmoja alijifungua akiwa kwenye mtumbwi. Walipona wote wawili, mama na mtoto, na kupona kwao hakukutoka ofisini kwangu.

Nilijitetea. Niliongea habari za uwiano na za waraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sitalisahau, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Mimi nimeshakwambia," akatoka. Kwenye kikao cha baraza hakunitaja.

Jioni nikateremka masjala. Mzee alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Hakuuliza ninatafuta nini. Alivuta faili la zahanati ile, kuukuu, jalada limeshonwa upya, akanifungulia folio ya 12. Ilikuwa barua ya mwaka 1987, ya mganga mkuu wa wilaya wa wakati huo, imepigwa kwa taipureta, sentensi sita. Kituo hiki kisiwe na wauguzi chini ya wawili, kwa sababu ya mto.

Mimi, niliyetoboa karatasi miaka sita kwenye chumba kile, nilikuwa nimemhamisha mtu bila kufungua faili.

Dwight Waldo aliandika mwaka 1948 kwamba ufanisi haujitegemei. Lazima uulize ufanisi wa nini, na kwa ajili ya nani. Darasani nilimwona kama mtu wa falsafa aliyepotea njia. Baada ya mto nilimsoma upya, na niliwasoma pia wale vijana waliokutana Minnowbrook, jimbo la New York, mwaka 1968 kwa wito wake, miji ya Marekani ikiwaka moto na vita vya Vietnam vikiendelea, wakasema utawala usiojali usawa unajidanganya kwamba hauna upande. Jedwali langu lilikuwa na upande. Lilikuwa upande wa barabara ya lami.

Na hapo ndipo vile vipindi vitano vilipoanza kunikalia vizuri. Niliacha kuvisoma kama nasaba nikaanza kuvisoma kama faili: folio juu ya folio, kila barua ikijibu iliyo chini yake, hata pale mwandishi anapojifanya ndiye wa kwanza kuandika. Ukisoma ya juu peke yake unamhamisha muuguzi.

Za juu zilizidi kuja. Mwaka 1991 msomi Christopher Hood alilipa jina la usimamizi mpya wa umma wimbi lililokuwa likitoka Uingereza na New Zealand: serikali ijiendeshe kama biashara, ipime matokeo, ivunjwe vipande vyenye mikataba. Kwetu wimbi hilo lilileta wakala za serikali kwa sheria ya mwaka 1997, na mwaka 2004 likaleta OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji uliochukua nafasi ya zile taarifa za siri ambazo mkuu aliziandika na mtumishi asizione. Uwazi ule niliupenda kwa dhati. Kazi ilikuwa kujaza malengo. Nilikaa na mkunga mmoja wa makamo tukajaza fomu yake, na kwa kuwa lengo lilitaka namba, tukaandika atazalisha akina mama 120. Akaiangalia namba ile.

"Nikifika 120 mwezi wa kumi, baba, nifunge mlango?"

Tukacheka mpaka machozi, kisha tukasaini. Fomu ilitaka namba.

Mama yangu mdogo naye ana nadharia yake. Alikuja nyumbani na bahasha ya kaki ya binamu yangu. Nikamweleza kwamba ajira siku hizi zinapita Sekretarieti ya Ajira, kwamba kuna matangazo, kuna usaili, mimi sina mkono. Akanitazama kama mtu aliyesahau jina lake. "Kwani wewe ulisomeshwa na sekretarieti?" Peter Ekeh, msomi wa Nijeria, aliandika mwaka 1975 kwamba Mwafrika aliyetoka ukoloni anaishi katika umma mbili: umma wa ukoo, ambako ukila bila kurudisha unaona aibu, na umma wa serikali, ambako kuchukua hakuna soni. Katika wote niliowasoma, huyo ndiye aliyekuwa amekaa sebuleni kwetu. Bahasha niliirudisha. Nauli ya kwenda usaili nilitoa.

Mwaka 2016 ukaja uhakiki wa watumishi hewa, na mwaka uliofuata vyeti. Nchi nzima waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Wiki zile masjala ilikuwa na foleni kuliko benki. Wakubwa ambao kwa miaka kumi hawakuijua njia ya chini walishuka ngazi kwa miguu yao kutafuta barua zao za ajira. Mlinzi mmoja aliyekuwa amekosekana kwenye kompyuta kwa sababu jina lake lilikuwa na herufi moja zaidi aliokolewa na folio ya 3 ya faili lake, yenye dole gumba lake la mwaka 1991. Mzee wangu alikuwa ameshastaafu. Nilimpigia simu kumweleza. Akauliza kama muhuri ulikuwa unasomeka.

Mwaka jana tulipanga tena ikama, safari hii kwenye kompyuta. Nikaifikia zahanati ya ng'ambo. Daraja bado halijajengwa. Wauguzi: wawili. Mashine ikaweka rangi nyekundu, ikaniambia ni wengi kuliko uwiano, ikafungua kisanduku cha sababu. Nikaandika "mto". Ikakataa, kisanduku kilipokea tarakimu tu. Binti aliyekuwa kwetu mafunzoni, wa mwaka wa tatu, akashauri tuweke moja halafu tutaona baadaye.

Nikamwambia anifuate. Tukateremka ngazi, nikaomba faili, nikamfungulia folio ya 12 akaisoma amesimama. Kisha nikachukua karatasi, nikaandika upya kwa mkono ile sababu ya mwaka 1987, nikaongeza siku tisa za Aprili na mtumbwi, nikasaini. Kitoboleo nilimpa yeye. Ikawa folio ya 64.